Mafuta ya Nazi: Yaliyomo Ndani, Kemia Yake na Matumizi Yake Uganda (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wapishi, wazazi, wasusi na watengenezaji wa sabuni wanaonunua mafuta ya nazi Kampala, Jinja, Gulu na Arua. Yana namba, kwa hiyo ukiambiwa "tazama swali fulani", ujue maelezo kamili yako huko.

## Mambo ya mwanzo

1. Mafuta haya hutoka wapi, na Uganda hatuna mashamba ya minazi?

Mengi hutoka pwani ya Kenya na Tanzania, na mengine huja na meli kutoka Asia. Nazi zenyewe hupandishwa kwa malori kupitia Busia na Malaba. Mnazi hupenda joto na hewa ya pwani, ndiyo maana hapa unaiona michache tu, zaidi kama miti ya kivuli.

Kuna njia mbili kuu za kuyapata. Ya kwanza huanza na mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, ambayo hukamuliwa kwa mashine. Mbata iliyokauka vizuri huwa na mafuta zaidi ya asilimia 60. Ya pili huanza na nazi mbichi: inakunwa kwa mbuzi (kibao cha kukunia nazi), inakamuliwa tui, kisha tui huchemshwa au huachwa lijitenge mpaka mafuta yaelee. Wapwani wameifanya hii ya pili vizazi na vizazi.

2. Kijiko kimoja cha chakula kina nini?

Kina mafuta, na karibu hakuna kingine. Kijiko cha chakula hubeba gramu 13 hadi 14, ambazo hutoa takriban kilokalori 120. Kati ya gramu hizo, takriban 11 ni mafuta yaliyoshiba (maana yake iko swali la 6). Hakuna protini, hakuna wanga, hakuna sukari, hakuna nyuzinyuzi. Vitamini E ipo kidogo sana, na vitamini K kwa chembe tu.

Watu wengi huvunjika moyo wakisikia hivyo, kwa sababu wameuziwa mafuta haya kama chakula kamili. Nazi nzima ni jambo jingine: nyama yake ina nyuzinyuzi, madini na protini kidogo. Mafuta yakishakamuliwa, hivyo vyote hubaki kwenye machicha.

3. Chupa yangu imeganda ikawa nyeupe. Je, yameharibika?

Hapana. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi joto hushuka chini ya hapo, kwa hiyo ni kawaida kuyakuta magumu alfajiri na maji mchana. Kabale utayakuta yameganda karibu wakati wote. Gulu au Arua wakati wa kiangazi huenda usiyaone yakiganda kabisa.

Kuganda na kuyeyuka mara nyingi hakubadilishi chochote ndani yake. Yakiganda, weka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Usiiweke juu ya jiko.

4. Mafuta asilia na yaliyosafishwa kiwandani yanatofautiana vipi?

Asilia hukamuliwa bila kemikali na bila moto mkali, nayo hubaki na harufu na ladha ya nazi. Yaliyosafishwa hupitia hatua tatu: kuondolewa asidi huru, kupaushwa kwa udongo maalumu, kisha kupulizwa mvuke wa joto kali ili harufu itoke. Mbata iliyokaushwa vibaya huota ukungu, na ukungu unaweza kuacha sumu ya aflatoksini, hivyo mafuta ya mbata ya namna hiyo yanahitaji kusafishwa kabla ya kuliwa.

Katika lishe tofauti ni ndogo kuliko bei inavyodai. Mchanganyiko wa asidi za mafuta ni uleule. Kinachopotea kiwandani ni harufu na sehemu ya viambato vidogo vya mmea vinavyozuia mafuta kuchacha. Ukilipa zaidi kwa ajili ya ladha, umelipa kwa kitu kilichopo. Ukilipa zaidi ukidhani ni dawa, soma kwanza swali la 11.

## Kemia yake

5. Asidi ya lauriki inayotajwa kila mahali ni kitu gani?

Mafuta yoyote, ya simsim, ya ng'ombe au ya nazi, ni molekuli za trigliseridi: gliseroli moja iliyoshikilia asidi tatu za mafuta. Kila asidi ni mnyororo wa atomi za kaboni, na mafuta hutofautiana kwa urefu wa minyororo hiyo na namna ilivyofungwa.

Kwenye nazi, asidi inayotawala ni lauriki, yenye kaboni 12. Huchukua takriban asilimia 45 hadi 53 ya asidi zote. Inafuatwa na miristiki (kaboni 14), asilimia 16 hadi 21, kisha palmitiki (kaboni 16), asilimia 7 hadi 10. Kaprili (kaboni 8) na kapriki (kaboni 10) kila moja huwa kati ya asilimia 5 na 10 hivi. Oleiki, ile inayotawala mafuta ya zeituni, haizidi asilimia 10. Linoleiki, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza na lazima tuile, ni asilimia 1 hadi 2.5 tu.

Karibu kila jambo katika ukurasa huu linatoka kwenye namba hizo: kuganda kwake, povu la sabuni yake, uimara wake jikoni na anachokuambia daktari kuhusu moyo.

6. "Mafuta yaliyoshiba" maana yake nini?

Kaboni katika mnyororo zinaweza kubeba hidrojeni kadiri nafasi inavyoruhusu. Zikiwa zimejaa zote, mafuta yameshiba, na mnyororo unanyooka. Ikiwa kuna mahali kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu, hidrojeni zimepungua hapo na mnyororo unapinda. Minyororo iliyonyooka hupangana kama kuni zilizokatwa sawasawa, ndiyo maana mafuta hayo huganda. Iliyopinda haipangiki, nayo hubaki maji.

Mafuta ya nazi yameshiba kwa asilimia 82 hadi 92. Samli ina takriban 60. Mawese mekundu yana karibu nusu kwa nusu. Alizeti ina kama asilimia 10 hadi 15 tu.

Wengine huuliza mbona basi hayawi magumu kama mshumaa. Ni kwa sababu minyororo yake ni mifupi, na mifupi huyeyuka kwa joto dogo kuliko mirefu.

7. Harufu ya nazi hutoka kwenye mafuta yenyewe?

La. Trigliseridi safi haina harufu. Harufu hutoka kwenye laktoni, viambato vidogo sana vinavyoondoka na mvuke kiwandani.

8. Muuzaji wa jumla amenipa cheti chenye "namba ya iodini" na "namba ya sabuni". Nisomeje?

Namba ya iodini hupima vifungo maradufu vilivyomo. Kwa nazi huwa kati ya 6 na 11. Alizeti ya kawaida huwa zaidi ya 100. Cheti cha nazi kikionyesha 20 au 30, kuna mafuta mengine ndani.

Namba ya sabuni huonyesha miligramu za potasi kali zinazohitajika kugeuza gramu moja ya mafuta kuwa sabuni. Kwa nazi ni takriban 248 hadi 265, juu kuliko karibu mafuta yote ya kupikia, kwa sababu minyororo mifupi inamaanisha molekuli nyingi zaidi katika kila gramu. Namba ya peroksaidi hupima kiasi ambacho hewa imeyashambulia, na hapo ndogo ndiyo nzuri: kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) hakiruhusu zaidi ya 15 kwa mafuta asilia, wala zaidi ya 10 kwa yaliyosafishwa. Uliza tarehe ya kipimo pia, maana namba hii hupanda mafuta yanapokaa ghalani.

## Afya na lishe

9. Je, yanapandisha kolesteroli, ilhali hayana kolesteroli ndani?

Ndiyo, yanapandisha, na sentensi zote mbili ni za kweli. Mimea haina kolesteroli ya kuhesabika. Lakini ini lako hutengeneza kolesteroli, na asidi zilizoshiba, hasa lauriki, miristiki na palmitiki, hupunguza uwezo wa ini kuondoa LDL, inayoitwa kolesteroli mbaya, kwenye damu. Kwa hiyo maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa ni ya kweli, ila hayajibu swali la mgonjwa wa moyo.

Uchambuzi uliotoka 2020 katika jarida la Circulation ulikusanya majaribio 16. Mafuta ya nazi, yakilinganishwa na mafuta ya mimea isiyo ya ukanda wa joto, yalipandisha LDL kwa takriban miligramu 10 kwa desilita. HDL, inayoitwa kolesteroli nzuri, nayo ilipanda, kwa takriban 4. Wauzaji hutaja namba hiyo ya pili na kunyamazia ya kwanza. Kupanda kwa HDL peke yake hakujathibitishwa kuwa kinga ya moyo. Chama cha moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2017 watu wasitumie mafuta haya kama mafuta yao ya kila siku.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi vimeshaimaliza. Bado hujahesabu maziwa, nyama wala chapati. Mwenye presha, kisukari au historia ya kiharusi katika ukoo ayatumie kwa nadra, na apime damu.

10. Nimeambiwa hayanenepeshi kwa sababu mwili huyageuza nguvu papo hapo.

Dai hili limechukuliwa kutoka kwa bidhaa nyingine. Hospitalini na kwa wanamichezo kuna mafuta maalumu yaliyotengenezwa kwa kaprili na kapriki pekee. Hizo hupita moja kwa moja kwenda kwenye ini na kuchomwa haraka. Majaribio mengi yanayotajwa yalitumia mafuta hayo.

Kwenye nazi ya kawaida, kaprili na kapriki kwa pamoja ni kama asilimia 15 tu. Lauriki, ingawa wauzaji huiweka kundi moja nazo, sehemu yake kubwa husafiri kupitia limfu kama mafuta ya minyororo mirefu. Gramu ya mafuta ya nazi ina nishati karibu sawa na gramu ya mafuta ya alizeti. Ukiongeza vijiko viwili vya chakula kwenye chai kila siku bila kupunguza kitu, umeongeza zaidi ya kilokalori 200.

11. Yanaua vijidudu? Yanaweza kutibu virusi vya UKIMWI, kisukari au malaria?

Katika maabara, lauriki na zao lake liitwalo monolaurini huharibu utando wa baadhi ya bakteria na virusi. Hilo ni kweli. Lakini chombo cha maabara si mwili wa mtu, na kuyala hakujathibitishwa kutibu ugonjwa wowote kati ya hivyo.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu chupa hizi huuzwa kwenye stendi za teksi na kwenye makundi ya simu kama mbadala wa ARV. Hakuna asidi yoyote ndani ya nazi inayofanya kazi ya ARV. Ukiacha dawa, virusi hurudi juu na vinaweza kuwa sugu. Mwenye malaria aende kupimwa, na mwenye kisukari asiache vidonge wala insulini. Anayekuambia uache dawa ili ununue mafuta yake anahatarisha maisha yako, hata kama ni ndugu na ana nia njema.

12. Je, yana omega-3 na vitamini A?

Omega-3 hakuna ya maana. Kwa omega-3, tafuta mukene: samaki wadogo wa Ziwa Victoria, bei nafuu, na ukiwala wazima unapata na kalsiamu.

Vitamini A pia haimo. Mawese mekundu ambayo hayajapaushwa yana karotini nyingi, na mafuta mengi ya kupikia yanayotengenezwa viwandani hapa Uganda huongezwa vitamini A. Familia inayoacha mafuta hayo na kuhamia nazi peke yake hupoteza chanzo hicho.

13. Naweza kumpa mtoto mchanga?

Kwa kula, hapana kabla ya miezi 6. Maziwa ya mama yanatosha. Baada ya hapo, mafuta kidogo kwenye uji au kitobero (chakula laini cha mchanganyiko cha mtoto) huongeza nishati, na mtoto mdogo anahitaji mafuta zaidi ya mtu mzima. Lakini hayapaswi kuwa nazi pekee, kwa sababu linoleiki ni chache mno. Siagi ya karanga, simsim au soya humpa zaidi, pamoja na protini.

Kupaka kwenye ngozi kavu kwa kawaida hakuna shida. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, na usiyatie puani wala kwenye kitovu kibichi.

14. Basi niache alizeti, simsim na moo yaa ninunue nazi?

Kwa maoni yangu, usiache. Alizeti ya Lango na simsim ya Acholi vina linoleiki kwa wingi, ile ambayo nazi imekosa. Moo yaa, mafuta ya mti wa shea wa kaskazini mwetu, ni ya aina ya pekee: oleiki huwa zaidi ya nusu, ndiyo maana ni laini kuliko shea ya Afrika Magharibi. Yote hayo yanalimwa au kuokotwa hapa, na pesa hubaki kwa akina mama wanaoyakamua. Nazi iwe kiungo cha ladha kwenye wali, samaki au maharagwe. Hapo ina nafasi yake, na ni tamu kweli.

## Jikoni na ghalani

15. Yanafaa kukaangia?

Kwa joto la wastani, ndiyo. Kwa kuwa vifungo maradufu ni vichache (tazama la 8), oksijeni haina pa kushambulia kwa urahisi, na mafuta hayachachi upesi kwenye karai. Asilia huanza kutoa moshi karibu na nyuzijoto 175. Yaliyosafishwa huvumilia zaidi ya 200. Mandazi na samaki hukaangwa kwenye 170 hadi 180 hivi, kwa hiyo asilia yako ukingoni. Ukiona moshi wa bluu, umepita.

Usiyachanganye na mafuta mengine kwenye karai la kukaangia. Mafuta yenye lauriki yakichanganywa na ya kawaida hutoa povu linaloweza kumwagika juu ya moto.

16. Tui na mafuta ni kitu kimoja?

Hapana. Tui ni mafuta yaliyosambaa ndani ya maji pamoja na protini. Kiasi cha mafuta hutegemea umelikamuaje: tui zito la kwanza lina mafuta mengi, tui jepesi la tatu machache.

17. Yangu yana ladha ya sabuni. Kwa nini?

Maji yameingia. Maji, yakisaidiwa na vimeng'enya vya ukungu, hukata asidi kutoka kwenye gliseroli, na lauriki iliyo huru huonjeka kama sabuni. Hutokea zaidi kwa mafuta ya nyumbani ambayo hayakuchemshwa mpaka maji yaishe yote, au chupa iliyotumbukizwa kijiko kibichi. Huwezi kuyarudisha. Usiyapikie, ila yanaweza kwenda kwenye sabuni.

Yaliyo safi, yakifungwa vizuri mbali na jua, hukaa mwaka au zaidi.

18. Nitajuaje kama yamechanganywa?

Weka kiasi kwenye friji. Nazi halisi huganda yote, nyeupe sawasawa. Tabaka la maji likibaki juu, huenda kuna alizeti au mafuta mengine laini. Chupa nyingi za "mafuta ya nazi ya nywele" haziwezi kuganda kabisa kwa sababu ni parafini iliyotiwa harufu; soma orodha ya viambato. Tafuta pia alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Jaribio hili lina mpaka: mafuta ya kiini cha mchikichi yana lauriki karibu sawa na nazi na huganda vilevile. Hayo hugunduliwa maabara tu.

## Nywele, ngozi na sabuni

19. Kwenye nywele yanafanya kazi kweli?

Hapa sifa zake ni za haki. Lauriki ni mnyororo mfupi ulionyooka, na mafuta yake huingia ndani ya unywele badala ya kubaki juu tu. Utafiti wa 2003 ulionyesha kwamba yakipakwa kabla ya kuosha, hupunguza upotevu wa protini ya nywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti na parafini hayakulifanya. Paka saa chache kabla ya kuosha. Hayaoteshi nywele zilizokwisha kung'oka kwa kusukwa kwa kubana.

20. Yanakinga jua?

Kidogo mno kutegemewa. Mwenye ualbino asiyatumie badala ya losheni ya jua, kofia na mikono mirefu.

21. Natengeneza sabuni. Niweke kostiki soda kiasi gani?

Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki iliyo safi. Watengenezaji hupunguza kama asilimia 5, wakaweka 174 hivi, ili mafuta kidogo yabaki kulinda ngozi. Ukitumia kipimo hicho kwa mawese, kostiki itazidi na kuunguza watu, maana kila mafuta yana namba yake ya sabuni (la 8).

Sabuni ya nazi ni ngumu na hutoa povu hata kwa maji ya chumvi, lakini peke yake hukausha ngozi. Changanya na moo yaa au mawese. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Vaa glavu na miwani, weka watoto mbali, na usitumie sufuria ya alumini: kostiki huila na kutoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto.

22. Nazi ni ghali. Je, mafuta ya michikichi ya Kalangala yanaweza kuchukua nafasi yake?

Inategemea sehemu ya tunda. Michikichi ya kisiwa cha Bugala hutoa mafuta mawili tofauti. Ya nyama ya nje yana palmitiki na oleiki zaidi, na lauriki karibu hakuna; kwa povu la sabuni hayafanani na nazi. Ya kiini ndiyo yenye lauriki karibu nusu, nayo huweza kuwekwa badala ya nazi kwa tofauti ndogo tu ya kostiki. Kwa moyo, ya kiini yahesabu sawa na nazi (la 9).

23. Mwanangu ana mzio wa karanga. Nazi je?

Nazi na karanga ni mimea isiyo na undugu wa karibu, na wengi wenye mzio wa karanga hula nazi bila shida. Mzio wa nazi yenyewe upo lakini ni nadra. Husababishwa na protini, kwa hiyo mafuta yaliyosafishwa, ambayo yamebaki na protini kidogo mno, yana hatari ndogo kuliko asilia au tui. Kama mtoto amewahi kuvimba midomo au kupumua kwa shida, jaribio la kwanza lifanyike mbele ya mhudumu wa afya.